Uzi wa ngoma mpya za kielektroniki na pop ya kuchezeka: tuzichambue kwa sikio la Dar

Sikio la Tabata:

Wakuu, habari za jioni.

Wazo la uzi huu ninalo tangu mwezi uliopita, leo nimeona niushushe. Nataka tuwe na kijiwe kimoja cha kuchambua ngoma za kielektroniki, indie (za wasanii huru) na pop ya kuchezeka, zile ambazo ukizungusha redio zote za mjini huzikuti. Na tuzichambue kwa masikio yetu wenyewe, tusirudie tu alichoandika mtu wa London. Nikisema mpya simaanishi lazima iwe imetoka jana. Ngoma mpya ni ile ambayo sikio lako lilikuwa halijaifikia.

Kilichonisukuma ni safari ya mwendokasi. Nilitoka Kimara asubuhi, nimesimama karibu na mlango, kwenye hedifoni napiga In Waves ya Jamie xx, prodyuza wa London, albamu iliyotoka 2024 baada ya jamaa kukaa miaka tisa tangu ile ya kwanza, In Colour. Ilikuwa zamu ya Baddy on the Floor aliyofanya na Honey Dijon, DJ wa Marekani. Basi likasimama Manzese, mlango ukafunguka, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda kimetoa spika nje inapiga singeli. Nikavua upande mmoja. Sikio la kushoto Jamie xx, la kulia Manzese. Kwa sekunde kadhaa vile vitu viwili vikakaa pamoja, singeli ikienda karibu mara mbili ya kasi ya ile nyingine, kila dundo moja la kushoto likibeba mawili ya kulia. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, na mimi nikabaki nimeshika hedifoni mkononi hadi Magomeni.

Miaka yote nilikuwa naviweka mbalimbali, hiki cha nje, kile cha uswahilini. Lakini singeli ni nini kama si muziki wa kielektroniki? Inatengenezwa kwenye kompyuta, vipande vya taarabu na mchiriku vinakatwa na kuzungushwa, kasi inapelekwa midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Ngoma nyingi za haus, ule muziki wa dansi wa kielektroniki wenye dundo lisilokatika, ziko kwenye 120 hadi 130 tu. Studio ya Sisso iko hapo Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana wetu wakawa wanaitwa kupiga kwenye majukwaa ya Ulaya. Wapenzi wa tekno, ndugu wa haus, kule waliipokea Mburahati kama ardhi mpya. Sisi tunapita pale na bajaji kila siku.

Kwa hiyo sikio la Dar halianzi sifuri. Mtu aliyekulia kwenye vigodoro, zile sherehe zetu za mtaani, anajua besi ikipungua nguvu, anajua DJ akichelewa kubadilisha, anajua mdundo unaojirudia unavyoweza kumpandisha mtu mori hadi asahau viatu vyake viko wapi. Ujuzi huohuo ndio unaotakiwa kwenye haus, tekno na pop ya kucheza.

Utaratibu wangu ni huu, na nawaomba tuufuate ili tusibishane hewani. Usihukumu ngoma ya namna hii kwa spika ya simu. Ile besi ya hertzi 50 unayoisikia kifuani ukiwa ukumbini, kwenye spika ya simu haipo kabisa, unabaki na mikwaruzo ya juu. Mtu anasema ngoma haina kitu, kumbe nusu yake hajaisikia. Mimi nasikiliza mara ya kwanza kwa hedifoni barabarani, mara ya pili kwenye sabufa nyumbani. Sabufa yangu ni ya kawaida tu, nilinunua Kariakoo, nimeikalisha juu ya kipande cha godoro kwa sababu ikikaa moja kwa moja kwenye vigae chumba kizima kinavuma na huwezi kujua besi ya ngoma ni ipi na ya sakafu ni ipi. Halafu nalala. Kesho yake nikiwa nafua, naangalia ni kipande gani kinarudi chenyewe kichwani. Kisiporudi chochote, alama zinashuka.

Naanza na mbili.

Bunny Is a Rider ya Caroline Polachek, mwimbaji wa Marekani, ilitoka Julai 2021, aliitengeneza pamoja na prodyuza Danny L Harle. Barabarani niliiona nyepesi mno. Kuna mluzi, kuna besi inayorukaruka, sauti yake inapanda na kushuka kama mtu anayekimbia kwenye ngazi. Nyumbani kwenye sabufa, mara ya tatu, nikasikia mtoto mchanga anacheka. Nikasitisha nikidhani ni wa jirani. Nikarudisha nyuma, yumo ndani ya ngoma! Ni mtoto wa Harle mwenyewe, kicheko chake kilirekodiwa kikapandwa katikati ya biti kama ala nyingine yoyote. Tangu siku hiyo kila nikiipiga nakisubiri kile kicheko. Maneno yake yamefichwa sana, hilo nalikubali, lakini naipa 9 kati ya 10.

Marea ya prodyuza Fred again.. na DJ The Blessed Madonna, mwaka 2021. Humu hakuna anayeimba ubeti. Kuna sauti ya Blessed Madonna anaongea, anasikitika kwamba kucheza kumepotea, maana kumbi za Ulaya zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Korona. Fred amechukua maongezi, akayakata, akayarudia, mpaka maongezi yenyewe yakawa na mdundo. Nilipoipiga kwenye sabufa usiku, taa imezimwa, nilijikuta nimesimama. 8 na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu kinanda kinaniambia mapema mno kwamba nihuzunike.

Leteni zenu.

Mtoto wa Mbagala:

Mkuu heshima yako, uzi mzuri. Lakini niseme ukweli, hizi ngoma zinanishinda. Mtu anarudia neno moja dakika nne nzima. Ujumbe uko wapi? Msaga Sumu, yule wa singeli, akishika maiki naelewa anachosema, ni mambo ya mtaani kwangu, jirani, mpangaji, shemeji. Hao wako wananiambia nini?

Sikio la Tabata:

Swali la haki kabisa mdogo wangu, na mimi nilikwama hapohapo kwa miaka. Jibu lililonisaidia nililipata kwenye ngoma zetu. Bibi yangu alikuwa anatupeleka kwenye ngoma kijijini Kisarawe, wimbo una mistari miwili, unaimbwa mpaka jua linazama. Hakuna aliyeuliza mistari mingine iko wapi. Watu walikuwa wanasikiliza mpigaji anabadilisha nini, nani anaingia, nani anatoka, lini mwendo unakazwa.

Muziki wa kucheza wa kielektroniki uko hivyo. Habari yake iko kwenye kuingia na kutoka kwa vitu. Fanya zoezi hili: chukua Nanana ya Peggy Gou, yule dada DJ wa Korea Kusini, ilitoka Juni 2023. Weka kidole mezani, gonga kila dundo, hesabu hadi 32, halafu anza upya. Mara nyingi ukifika 32 kuna kitu kitakuwa kimeingia au kimeondoka. Usisikilize maneno, kiitikio chenyewe karibu chote ni silabi tu. Hesabu, kisha urudi hapa.

Binti Kigamboni:

Kaka Tabata, zoezi zuri ila ngoma uliyomchagulia siyo. Nanana mimi naiona imeegemea mno ladha ya miaka ya 1990. Ukiondoa kumbukumbu ya watu waliokuwa vijana wakati ule, inabaki nini? Mimi wakati ule nilikuwa sijazaliwa, na kwangu inapita kama upepo. Naipa 5.

Nawaletea prodyuza Kaytranada. Amezaliwa Port-au-Prince, Haiti, akakulia Montreal. Anzeni na 99.9%, albamu iliyompa Polaris, tuzo ya muziki ya Kanada, mwaka 2016, halafu mruke hadi Timeless ya 2024 msikie alikofika. Sikilizeni madundo yake tu. Hayakai sawasawa kwenye mstari. Lile la kwanza linafika kwa wakati, linalofuata linachelewa kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetembea kwenye mchanga mlaini pale ufukweni kwetu, mguu unazama halafu ndio unanyanyuka. Kompyuta ingeachwa yenyewe ingepanga kila dundo mahali pake kwa usahihi, na ngoma ingekufa.

Nilikuwa nampiga kwenye pantoni jioni. Injini ya pantoni nayo ina mdundo wake, mzito, hauchechemei. Kaytranada alikuwa anacheza juu yake. Nilitamani maji yaongezeke upana.

Sikio la Tabata:

Dada yangu, hiyo ya mchanga umeisema vizuri kuliko yeyote niliyemsoma. Kwenye Nanana sikubaliani, naona utamu wake ni jinsi anavyoimba kama hajali, lakini nakubali hoja ya kumbukumbu. Nilikuwa nimeiwekea 8 moyoni, naishusha hadi 7, zaidi ya hapo sishuki.

DJ wa Temeke:

Salaam wadau. Mimi kazi yangu ni harusi na send-off, huu ni mwaka wa kumi na moja. Niongeze mambo ambayo msikilizaji wa hedifoni hayaoni.

Kwanza, ngoma nyingi za dansi huwa na matoleo mawili. Lile fupi mnalolikuta kwenye programu za kustrimu, na lile refu la madijei. Lile refu linaweza kuanza na dakika nzima ya madundo matupu. Watu wanalisikia wanasema hii ngoma inachelewa kuanza. Hapana. Ule ni mlango, mimi naingilia pale, naunganisha na ngoma inayomalizika bila mtu kuanguka kwenye mwendo. Fupi halina mlango. Spotify wanahesabu kwamba umesikiliza ukifikisha sekunde 30, kwa hiyo watengenezaji wengi wanakimbilia kuweka kiitikio mapema ili usiruke. Ukitaka kujua prodyuza alikusudia nini, tafuta toleo refu.

Pili, ukumbini huwezi kumtoa mtu kwenye bongo fleva ukamtupa kwenye haus ya Ulaya. Atakaa. Mimi daraja langu ni amapiano. Iko kwenye kasi ya midundo 112 hivi kwa dakika, watu wameshaizoea ile besi inayogonga kama gogo lenye uwazi ndani. Nikishawaweka hapo, napandisha taratibu, 115, 118, nikifika 122 nachomeka haus na hakuna anayegundua nimevuka mpaka. Juzi kati kwenye sherehe moja huko Chang'ombe nilivuka hivyo nikaingiza Kaytranada. Mama mmoja wa makamo, kitenge chake kimefungwa kiunoni, akaja hadi kwenye meza yangu. Nikajua anakuja kulalamika. Akaniuliza, huyu kijana anaitwa nani?

Binti Kigamboni:

DJ umenifurahisha sana leo. Yule mama namwelewa.

Mwanafunzi Ubungo:

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: nyie mnazipata wapi hizi ngoma, na bando mnafanyaje? Mimi nategemea bando la wiki na kuingiziwa nyimbo kwenye flashi.

Sikio la Tabata:

Marahaba. Bando lipigie hesabu, usiogope. Kwenye ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, ambao ndio wa kawaida Spotify, saa nzima inakula kama MB 43. Ukipandisha ubora hadi 320, saa hiyohiyo inakula MB 144. Mimi nagundua ngoma kwa ubora wa chini, naorodhesha zilizonigusa, halafu zile chache tu ndio nazipakua kwa ubora wa juu nikipata waifai. Ukishapakua unasikiliza mara mia bila bando kuchomwa tena.

Kuhusu flashi nikupe tahadhari iliyonipata. Niliwahi kuingiziwa nyimbo mia tano kwenye kibanda kimoja, majina yote yamebadilishwa, ngoma moja imeandikwa namba tu. Ilikuwa kali sana. Nilizunguka nayo mwaka mzima bila kujua ni ya nani, siwezi kumfuatilia, siwezi kujua ana nyingine. Na faili lilikuwa limebanwa mno ili liwe dogo, matoazi yanasikika kama mchele unamwagwa kwenye sufuria. Siku nilipoipigia Shazam, programu ya kutambua nyimbo, ikataja jina, nikaenda kuisikiliza nzima kwenye ubora wake, nikakuta nyuma kuna sauti za wanawake wanaitikia ambazo sikuwahi kuzijua. Mwaka mzima walikuwa wanaimba na mimi siwasikii.

Mahali pa kutafutia: usifuate wimbo, fuata mtu. Ukipenda ngoma, angalia nani aliitengeneza na lebo gani imeitoa, kisha pitia vyote vya lebo hiyo. Ndivyo nilivyotoka Sounds of Sisso nikafika kwa wana singeli wengine: kwa Bamba Pana, kwa Jay Mitta na Tatizo Pesa yake ya 2019, kwa Duke, kwa DJ Travella. Mapendekezo ya mashine, kama ile orodha ya nyimbo 30 ambayo Spotify wanakuletea kila Jumatatu, yanasaidia lakini yanakuletea ndugu wa ulichokwisha kukipenda. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ni pazuri zaidi kwa wasanii huru. Unasikiliza kwanza, ukinunua sehemu kubwa inaenda kwa msanii, wao kwa kawaida wanabaki na asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Tangu Machi 2020 wamekuwa na baadhi ya Ijumaa ambazo hata hiyo wanaiacha. Mimi nasubiri Ijumaa hizo. Kununua albamu moja kwa miezi miwili mitatu siyo mzigo, na aliyeitengeneza anapata hela ya kununulia nyaya.

Na Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, pitia kurasa zao uangalie ratiba. Kusikia vitu hivi kwenye spika kubwa, na watu pembeni yako, kunafundisha kuliko maelezo yangu yote haya.

DJ wa Temeke:

Kwenye kubanwa kwa nyimbo naunga mkono kwa mikono miwili. Ngoma iliyobanwa ukiipiga ukumbini inakuumbua. Kwenye simu inafanana na isiyobanwa, kwenye spika za inchi 18 isiyobanwa inapiga kifua na iliyobanwa inapiga makelele.

Sikio la Tabata:

Leo nataka nichambue ya nyumbani, maana nilisema mwanzoni singeli nayo ni muziki wa kielektroniki.

Mr Mixondo, albamu ya DJ Travella, 2022. Wengi wakisikia singeli wanasubiri mtu wa maiki. Humu ni biti zinazojitegemea, na hapo ndipo unapogundua huyu kijana ana sikio la namna gani. Niliisikiliza siku moja na Jamie xx kwa makusudi, kwenye sabufa ileile, sauti ileile. Jamie xx anakupa nafasi: anatoa vitu, anakuacha ukingoni, anavirudisha. Travella hakupi nafasi hiyo. Sauti kali ya juu inaingia, kabla hujaizoea imeshabadilika, chini madundo yanamiminika kiasi kwamba sikio linaacha kuyahesabu na kuyasikia kama mvua juu ya bati. Halafu ghafla, kwenye ile mvua, kuna kajimelodia kadogo kanaruka juu kama mtoto anayecheza kwenye dimbwi. Kichwani kesho yake kilirudi hicho.

Mara ya kwanza albamu ilinichosha ndani ya dakika sita. Nilizima, nikanywa maji. Mara ya pili niliacha kujaribu kucheza kila dundo, nikacheza moja kati ya manne, mwili ukatulia na muziki ukafunguka wote. Wanaocheza kigodoro wanalijua hilo tangu utotoni. Angalia miguu yao inavyokimbia na mabega yao yalivyotulia.

9 na nusu. Na nataka iandikwe hapa kwamba nimeiweka juu ya zote nilizozitaja kwenye uzi huu, na sijaipendelea kwa sababu ni ya kwetu. Kwa habari ya kubuni, kwa habari ya mtu kufanya kitu ambacho hakuna mwingine anakifanya hivyo, iko juu.

Binti Kigamboni:

Nimeipiga jana. 9. Na Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko ya 2024 msiisahau, naileta wiki ijayo nikishailalia.

Mtoto wa Mbagala:

Wakuu nimerudi. Nimefanya zoezi.

Simu nimechomeka kwenye sabufa ya kaka yangu, hayupo, yuko safari ya Mtwara. Nimeweka Nanana, kidole mezani. Raundi ya kwanza nimepotea nikifika 20 na kitu, nikaanza upya. Raundi ya pili nimefika 32 na kweli kuna kitu kimeingia. Nikadhani bahati. Nikaendelea. Kikaingia kingine. Halafu kuna sehemu dundo la chini likaondoka lote, kidole changu kikabaki kinagonga peke yake mezani, chumba kizima kimya isipokuwa ile sauti ya juu na kidole changu. Niliendelea kuhesabu. Nilijua kabisa linarudi lini. Liliporudi nilikuwa nimeshasimama.

Shemeji alikuwa jikoni akauliza umeona nini.

Nikaweka Travella, nikajaribu kuhesabu. Hesabu imenishinda mara tatu, nimeacha. Nimecheza moja kati ya manne kama ulivyosema.

Nanana 8, dada Kigamboni nisamehe. Travella nitaileta, sijamaliza nayo. Nipeni nyingine ya kuhesabu, kaka anarudi Alhamisi.